Mti Kati ya Wakwe Wawili

Nyasani wa Manga hakukaa chini ya mti asioujua. Akialikwa harusini au akienda matangani, aliinua macho kwanza, akayapitisha kwenye matawi polepole, ndipo achague pa kuketi. Watu walimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke, kwa kuwa mmoja wa wachekaji wa zamani aliangukiwa na tawi, na Nyasani ndiye aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe. Wanadamu nao aliwatazama vivyo hivyo, kuanzia juu kushuka chini, akitafuta tawi lililooza. Aliamini kila mtu analo.

Kazi yake ilikuwa kuangusha miti mikubwa. Si hii ya siku hizi inayopandwa kwa mistari kama mahindi na kukatwa kabla haijafikia unene wa paja. Ile ilikuwa miti ambayo wanaume wakishikana mikono hawakuimaliza kuizunguka, iliyoota kwenye magenge ambako mbuzi hupanda kwa kufikiri. Leo ukienda pale utakuta chai na migomba mpaka ukingoni, na vijana wanaodhani kwamba kilima kilizaliwa na upara.

Alijifunza Kericho, miaka ya thelathini, Wazungu walipokuwa wakifyeka msitu ili wapande chai. Alikwenda hana ndevu. Alirudi bega moja limeshuka kuliko jingine kwa kuvuta msumeno wa watu wawili, akiwa na shoka lake na kabari moja ya mti mgumu aliyoichonga mwenyewe, ile ya kupigilia nyuma ya msumeno ili mti usikalie meno. Mpini wa shoka aliubadilisha mara nyingi. Kabari hakuibadilisha. Ilikuwa imeng'aa kwa jasho lake kama kiti cha babu.

Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi. Kwanza aligonga shina kwa kisogo cha shoka, akizunguka, sikio limelala kwenye gome, mpaka ajue pako wapi patupu na pako wapi pagumu. Kisha alikata mdomo, yaani pengo la kuuelekeza mti, upande ambao ungeangukia, halafu yeye na mwenzake wakaanza kuvuta msumeno kutoka nyuma. Baada ya kuvuta kidogo aliinua kidole, wote wakanyamaza, akasikiliza. Mti mkubwa husema kabla ya kuanguka. Hutoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja mfupa wa kuku kwa meno, kisha hunyamaza, kisha husema tena kwa sauti nzito zaidi. Mlio wa kwanza ni wa kujiandaa. Mlio wa pili ni wa kuondoka. Nyasani alizeeka na miguu yake yote miwili kwa sababu hakungoja kamwe wa tatu.

Basi mwaka wa hamsini na tano akaja Shueib na mashine.

Huyu Shueib alikuwa Mwislamu wa Kisii mjini, mwenye duka la mbao nyuma ya soko. Mama yake alikuwa mtu wa huku huku na baba yake alikuja na misafara ya biashara kutoka mbali, na Shueib mwenyewe alisema lugha zote za sokoni bila kukosea bei. Alikuwa amepata kazi ya kutoa maboriti ya daraja, na maboriti yale yalitaka mti mgumu, mrefu, usiopinda. Ulikuwepo mmoja tu wa kufaa: omoiri mkubwa uliosimama juu ya genge la Manga, mti mwekundu ndani kama nyama, umeinama kidogo kuelekea bondeni kana kwamba unachungulia nani anapita huko chini. Wazee wa ukoo walikubali uanguke. Lakini walisema kwamba atakayeuangusha ni Nyasani, maana mti ule ukikosewa ungeshuka na kipande cha mlima.

Shueib akakubali. Ila akasema hana muda wa kungoja watu wavute msumeno wa mkono mpaka mvua ije. Alikuwa amenunua msumeno wa injini, chuma kizito chenye upanga mrefu na mnyororo wa meno unaozunguka. Ulibebwa na watu wawili: mmoja alishika upande wa injini, na mwingine akashika mpini mdogo uliokuwa kwenye ncha ya upanga, ng'ambo ya shina. Watu wa Manga walipousikia ukinguruma mara ya kwanza waliuita mbwa wa Shueib, kwa kuwa ulibweka ovyo na ulinuka.

Nyasani alimzunguka mbwa yule akiwa ameweka mikono nyuma. Akauliza mtu anasikiaje mti ukisema, kitu hiki kikibweka hivi.

Shueib akacheka. "Mzee Nyasani, mti ukatwe uanguke, wewe unataka na mazungumzo? Nasikia hata mkeo ulimgonga kwa kisogo cha shoka kabla ya kumwoa."

"Nilimgonga," akajibu Nyasani. "Na hakuwa mtupu. Wewe ndiye bado sijakugonga."

Walicheka wote, lakini Nyasani hakuwa anacheka ndani. Alikuwa amemwona mtu aliyeshuka kwenye lori nyuma ya Shueib, mwenye mafuta mikononi, atakayeshika upande wa injini, yeye Nyasani akishika ule wa mpini mdogo. Alikuwa Angwenyi, mume wa binti yake Nyanchera.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana wanaosoma siku hizi hawajui. Katika Gusii kulikuwa na chinsoni, yaani heshima yenye haya ndani yake, iliyomtenga mtu na wazazi wake, na zaidi sana mtu na wakwe zake. Mkwe hakumwita babamkwe kwa jina. Hakumgusa. Hakumkazia macho usoni. Wakikutana njiani, mmoja aliiacha njia akasimama pembeni akitazama majani mpaka mwenzake apite. Neno zito lilipitia kwa mtu wa tatu. Leo utamwona mtu na baba wa mkewe wakipigana mabegani mbele ya baa, wakiitana kama waliochunga pamoja, na hilo wanaliita maendeleo.

Angwenyi alikuwa amejifunza injini jeshini wakati wa vita, na baadaye akafanya kazi karakana za Kisumu. Tangu amwoe Nyanchera, Nyasani alikuwa amemwona kwa pembe ya jicho tu, kama inavyotakiwa, na mtu unayemwona kwa pembe ya jicho ni rahisi kumjaza chochote unachotaka. Nyasani alimjaza mengi. Kwa nini mkwe wake ashike kazi ile ile, kilima kile kile? Mkwe alijua fika kwamba mzee mwenye haya angejitoa. Huenda ndicho alichokitaka, babamkwe aone aibu, aseme hapana, kisha omoiri wa Manga uanguke kwa jina la Angwenyi na wazee waanze kumwita yeye kwa kila mti mkubwa kutoka pale mpaka Nyamira.

"Sitasema hapana," alimwambia mkewe Mong'ina jioni ile. "Na aseme yeye."

Kumbe huko kwake Angwenyi alikuwa akimwambia Nyanchera kwamba hawezi kufanya kazi ile, na kwamba ni lazima mzee akatae, kwa kuwa mdogo hawezi kuanza kukataa mbele ya mkubwa. Akikataa yeye, ingekuwa kama amesema hadharani kwamba mzee hajui haya. Basi kila mmoja akamngoja mwenzake. Wote wawili wakafika kilimani asubuhi iliyofuata, na wa kumwambia Shueib hakuwapo. Ungemwelezaje mtu wa nje mambo hayo? Kuyataja tu kulikuwa nusu ya kuyavunja.

Shueib alikuwa amemleta fundi kutoka Kisumu awafundishe. Fundi aliwaonyesha jinsi ya kuinua mashine na jinsi ya kuisukuma, kisha akasisitiza jambo moja kuliko yote. Kwa kuwa injini inaziba masikio, alisema, mtu wa mpini mdogo lazima ainame kando ya shina amtazame mwenzake usoni wakati wote. Akiona mkono umeinuliwa, aachie na kukimbia. Akawauliza kama wameelewa. Mmoja akitazama kichaka na mwingine akitazama viatu vyake, wote wawili wakasema wameelewa. Fundi akaridhika, akarudi Kisumu na basi.

Kabla ya siku ya kuuangusha mti, kabari ya Nyasani ikapotea.

Aliitafuta mahali inapokaa siku zote, nyuma ya mlango pamoja na shoka. Shoka lilikuwepo. Akatafuta zizini, njiani, kilimani. Hakumwuliza mtu. Kitu kilichonyonya jasho la mtu miaka yote ile kinaweza kumfanyia ubaya kikiangukia mikono mibaya, na ukiuliza unamwamsha aliyekichukua. Badala ya kuuliza alihesabu ndani kwa ndani nani alipita nyumbani. Nyanchera alipita kumsalimu mama yake, kikapu mgongoni. Nyanchera aliolewa wapi? Kwa Angwenyi.

Mwishowe ilimtoka. Akamwambia Mong'ina kwamba mkwe wao si mtu mwema, kwamba huenda ukoo ule una mambo ya usiku, na kwamba walikosea kupokea ng'ombe wao.

Mong'ina alikuwa akipepeta wimbi. "Kama ni mchawi, basi ni mchawi mvivu," akasema. "Miaka yote hii na wewe bado unamaliza ugali."

Nyasani akaanza kujiuliza kwa nini mkewe anamtetea mkwe.

Siku yenyewe ilianza kwa ukungu. Omoiri ulisimama na miguu yake imeshika mwamba, nusu ya mizizi ikining'inia hewani upande wa bonde. Haukuweza kuangushwa kwenda chini, maana ungevunjika vipande na kuwafikia watu wa mashamba. Ilibidi uende kando, ukilala kukata mteremko, ushikwe na miti midogo. Nyasani aliukata mdomo kwa shoka, na hapo hakuna aliyemwingilia. Shueib alisimama mbali, kofia mkononi, akautazama mdomo ule ulivyonyooka, hakusema mzaha wowote.

Ilipofika kukata nyuma, mashine ikaletwa. Injini ilikuwa nzito, ikawekwa upande wa juu ambako paliwezekana kusimama. Upande wa chini, ambako ardhi ilikatika, walikuwa wamefunga jukwaa la miti. Pale ndipo pa mtu wa mpini mdogo. Kwa hiyo Angwenyi alikuwa juu, mlima nyuma yake, na Nyasani alikuwa chini, bonde nyuma yake, shina zima la omoiri likiwa katikati. Nyasani aliliona hilo vizuri. Aliona pia kwamba asubuhi na mapema Angwenyi alikuwa amefyeka njia ya kukimbilia nyuma ya mahali pake, safi kama uwanja wa kanisa. Amejitengenezea mlango, akawaza, na mimi ameniwekea dirisha.

Lakini alipanda jukwaani. Akashika mpini. Mbwa wa Shueib akabweka, na dunia yote ikafunikwa na kelele ile.

Mashine ilikata, lazima isemwe. Unga mwekundu ulimiminika kama damu ya ng'ombe inayokingwa. Kazi ambayo msumeno wa mkono ungeifanya kutwa, ile ilikuwa ikiimaliza wakati wa kuvuta tumbaku. Nyasani alisukuma, akifuata mwendo wa upanga, macho ameyakaza kwenye mpini wake. Hakuinama kando ya shina kutazama uso wa mtu aliyekuwa ng'ambo. Angewezaje? Uso ule ulikuwa wa mume wa binti yake. Alijaribu kuusikiliza mti kwa viganja, lakini viganja vilikuwa vimekufa ganzi kwa mtetemo. Alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni akaambiwa avuke mto.

Kisha injini ikazimika.

Haikukohoa kama inapoishiwa mafuta. Ilizimwa ghafla. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, na ndani ya kimya kile Nyasani akasikia mlio. Haukuwa wa kwanza. Ulikuwa ule mzito, wa kuondoka, na ulikuwa ukipanda juu ya shina badala ya kwenda kando. Miguu yake ilielewa kabla ya kichwa. Aliruka kutoka jukwaani kufuata ubavu wa mteremko, akaanguka, akajiviringisha, akashika shina la kichaka.

Omoiri ulipasuka kwa urefu. Nusu yake ilishuka bondeni, ikalifagia jukwaa kama mtu anayefuta makombo mezani. Nusu iliyobaki kisikini iliruka nyuma, kuelekea juu, kwa nguvu ya upinde ulioachiliwa. Vumbi lilipotulia, Angwenyi ndiye aliyekuwa amelala chini, paja limevunjika, na mashine ya Shueib ilikuwa imekunjwa kama kijiko cha bati.

Walimbeba kwa machela mpaka kwenye lori, lori likampeleka hospitali mjini. Nyasani alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuwa na jeraha ila mikwaruzo. Siku ya pili akasema Angwenyi alitaka kumwua.

Aliieleza hoja yake kwa utaratibu. Mashine ikiwa inakata, mti unaendelea kufuata mdomo, unakwenda kando. Mashine ikizimwa katikati, upanga unabanwa, mti unakalia chuma, unapinda, unashuka upande wa bonde. Na upande wa bonde alikuwa nani? Injini haikuzimika yenyewe. Alijua tofauti. Ilizimwa na mkono, na mkono ulikuwa mmoja tu pale. Akaongeza habari ya jukwaa, habari ya njia iliyofyekwa, habari ya kabari. Ukizipanga pamoja zilisimama vizuri sana. Kitu kilichosimama vizuri namna ile, Nyasani katika mti angekigonga kwa shoka kwanza. Katika maneno yake mwenyewe hakugonga.

Akataka wazee wakae. Ikionekana kwamba mkwe alikusudia, ng'ombe warudishwe, na Nyanchera arudi nyumbani. Mtoto, kama ilivyokuwa desturi, angebaki kwa baba yake.

Nyanchera alikuja kumwona baba yake, akasimama uani na mtoto mgongoni. Hakulia. Alimwambia, "Tata, mimi sijui injini wala miti. Najua kwamba ukisema neno hilo mbele ya wazee, huyu nitamwacha akiwa bado ananyonya." Kisha akaingia kwa mama yake. Nyasani alibaki pale akitazama miguu ya kuku.

Wazee walikaa nyumbani kwa Nyamongo, mkubwa wa ukoo, mara Angwenyi alipotolewa hospitali. Aliletwa kwenye kiti, mguu umefungwa mbao. Alipoona babamkwe yuko, aliomba kiti kigeuzwe, akakaa amempa mgongo. Shueib naye alikuja, akahojiwa. Akasema yeye aliona mti na vumbi tu, na kwamba amepoteza mashine lakini anamshukuru Mungu hakupoteza watu. Nyasani alisema yake yote. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana yalisimama.

Nyamongo akamwuliza Angwenyi kama ni yeye aliyezima injini. Angwenyi akasema ni yeye. Minong'ono ikapita. Akaulizwa kwa nini. Akanyamaza muda mrefu, mpaka mtu mmoja nyuma akasema jibu limepatikana.

"Ni vigumu kulisema na yeye akiwa hapa," Angwenyi akasema mwishowe, akiuelekea ukuta. "Mwambieni hivi. Niliona ufa umefunguka upande wangu, unapanda. Kule alikokuwa hauonekani. Niliinua mkono. Nikaendelea kuuinua. Hakutazama, na najua kwa nini hakutazama, mimi pia nisingetazama. Kumwita singeweza, na hata ningeita kelele ile ingelimeza jina. Lakini tangu nioe nimekuwa nikimwona kwa mbali akikata miti, anainua kidole, watu wananyamaza. Mwambieni nilizima ili asikie."

Nyamongo alimgeukia Nyasani, kama ilivyo kawaida, amrudishie maneno yale ingawa yalikuwa yamesikika na wote, na alipofika kwenye neno la mwisho sauti yake ikapungua.

Nyasani alisimama. Akasema atajibu akisharudi, akatoka. Wakadhani amekasirika.

Alikwenda kilimani peke yake; mvua ilikuwa bado haijanyesha tangu siku ile. Alikuwa mtu wa kushuku, na mtu wa kushuku huwa haamini hata kinachomfurahisha. Alikizunguka kisiki cha omoiri, mikono nyuma. Akapima kwa macho mahali jukwaa lilipokuwa, akasimama karibu napo kadiri ardhi ilivyomruhusu, akatazama: kweli, ufa ulianza upande wa juu, na kutoka pale chini mtu asingeuona. Akapanda juu. Njia ya kukimbilia bado ilikuwa safi. Hakukuwa na unyayo wowote ndani yake. Palipokuwa injini, udongo laini ulikuwa umeshika alama ya goti. Mtu alipiga goti pale. Swichi ya mashine ile ilikuwa chini ya tumbo lake, kuifikia lazima uiname. Hakuna anayepiga goti akiwa na haraka ya kujiokoa.

Alitafuta maelezo mengine. Alikaa pale kutafuta mpaka jua likageuka. Aliyoyapata yote yalikuwa matupu yalipogongwa.

Alirudi kwa Nyamongo, akakuta wazee wakinywa uji. Akasema hana shauri tena na mtu yeyote. Hakusema amekosea. Babamkwe hamwombi mkwe msamaha mbele ya watu, na mkwe hapokei. Ingemwaibisha Angwenyi kuliko kuvunjika mguu. Wazee walielewa. Siku hizi wangemlazimisha apige magoti na mtu apige picha.

Jioni ile alimwambia Mong'ina ampe kitu cha kukalia uani, maana ana kazi ya kuchonga. Mong'ina akaenda jikoni kutafuta kigoda, na akarudi na kitu kingine mkononi. Ilikuwa kabari. Ilikuwa imekaa chini ya jiwe la kusagia tangu jiwe lilipoanza kuyumba. Nyasani, kama mwanamume yeyote wa wakati ule, hakuwa na sababu ya kutazama chini ya jiwe la kusagia.

"Kwa nini hukuniambia?" akamwuliza.

"Hukuniuliza," akasema Mong'ina. "Ulimwuliza kila mtu ndani ya kichwa chako, mimi ukaniruka."

Aliigeuza kabari mkononi. Akainusa. Bado ilinukia unga wa wimbi. Kwa muda mfupi alijiuliza kama kuna mtu aliyemtuma mkewe kuiweka pale, halafu akaacha.

Alikuwa ameleta tawi la omoiri kutoka kilimani, limenyooka, jekundu. Kutoka kwake alichonga magongo mawili ya kutembelea, ya kushika chini ya kwapa, yenye kichwa kilichopinda kama pembe. Aliyalainisha kwa jani la msasa, akayapaka samli mpaka yakang'aa. Hakuwahi kuchonga kitu kwa uangalifu ule tangu kabari. Yalipokamilika aliyapeleka alfajiri, akayaegemeza kwenye lango la Angwenyi, akakohoa mara moja, akaondoka kabla mtu hajatoka.

Siku ile ile mchana Nyanchera akaja, mtoto mgongoni, magongo begani. Akayalaza miguuni pa baba yake. Kwenye kila moja, upana wa kiganja kutoka chini, palikuwa na mstari wa makaa.

"Anashukuru," akasema. "Ila yamemzidi. Anasema uyakate hapo."

Nyasani aliyachukua, akalisimamisha moja, akautazama ule mstari. Akaushusha mkono pale pale mstari ulipokuwa, kana kwamba anapima mtu aliyesimama mbele yake.

"Nilidhani ni mrefu zaidi," akasema.

"Hukuwahi kumtazama, Tata."

"Sikutakiwa," akajibu, akaenda kutafuta msumeno wa mkono.